Vipimo vya Kichwani

6 Februari

Baba na mama,

Shikamooni. Leo nimewahi kutoka kazini, nikaona niandike kabla uvivu haujanishika. Kwenye simu huwa hatuongei kitu: baba anasema "wazima, wazima" kisha anakata, kama vile simu inamuunguza sikio.

Habari ya kwanza ni njema. Kuanzia mwezi ujao mimi ndiye msimamizi wa masjala ya hospitali. Mama aliyekuwa juu yangu anastaafu. Miaka kumi na tisa nimepanga mafaili ya wagonjwa kwenye rafu, na sasa wamenikabidhi funguo za chumba chote. Tarehe kumi na tano Machi kutakuwa na sherehe ndogo kwenye ukumbi wa wauguzi, na mganga mkuu atasema maneno mawili matatu.

La pili ni ombi. Wiki iliyopita daktari wa wazee alitupa somo wafanyakazi wote. Alisema akili ya mtu mzima inataka kazi ya kuitoa jasho kidogo, isikae tu ikiangalia dirishani. Nikawafikiria nyinyi. Baba, najua kile kitabu cha mafumbo nilichokutumia umekitia chini ya mguu wa meza ya cherehani ili isitikisike. Mama aliniambia siri hiyo zamani. Basi sitakutumia kitabu tena, nakutumia kazi. Kwenye kifurushi hiki kuna kitambaa cha buluu, yadi nne. Nishonee gauni la sherehe. Tangu niondoke nyumbani sijawahi kuvaa kitu kilichotoka mkononi mwako.

Nimepimwa na muuguzi wa wodi ya wazazi: kifua inchi arobaini na mbili, kiuno thelathini na saba, nyonga arobaini na sita. Msicheke. Kazi ya kiti ina mambo yake.

Mtoto wenu,
Kifungo


19 Februari

Kwako Kifungo,

Marahaba. Kitambaa kimefika na ni kizuri, hakina ujanja. Hongera sana. Nimemwambia muuza magazeti kwamba binti yangu amekabidhiwa hospitali. Mama yako akanisahihisha mbele yake, eti ni masjala tu. Huyu mama hajui kutangaza biashara.

Mwambie daktari wako kwamba akili yangu haijaingia kutu. Na kitabu chako cha mafumbo kiache pale kilipo, tangu nikiweke cherehani haijayumba hata siku moja.

Ila vipimo ulijisumbua bure kuniandikia. Nimekaa nyuma ya cherehani hii miaka arobaini na moja na sijaandika kipimo cha mtu hata mmoja. Fundi wa mtaa wa pili ana daftari, analiacha mezani, na mteja anayesubiri zamu yake analifunua na kusoma kiuno cha jirani. Kwangu mimi kiuno cha mtu ni siri yake na yangu. Nikimpitishia tepe mara moja anaingia kichwani na hatoki. Wewe nimekushonea sare tangu darasa la kwanza. Hata nikifumba macho nayaona mabega yako, la kulia limeshuka kidogo kwa sababu ya mkoba.

Huko masjala andikeni, sawa, wagonjwa ni wengi. Sisi huku tunakumbuka. Vifungo nitavikaza kwa uzi mara mbili, maana aliyemeza kimoja akiwa na miaka minne haaminiki mpaka leo.

Baba yako,
Fundi


21 Februari

Mwanangu,

Naandika nikiwa kwenye benchi la duka la dawa. Baba yako anajua nimefuata vidonge vya presha, na vidonge nimechukua kweli, kwa hiyo sijamdanganya yote. Majibu yako yatume kwa anwani ya hapa. Mfamasia ni mtu wa siri.

Baba yako ameanza kuteleza. Mwezi wa kumi na mbili alimshonea dereva wa maktaba shati lenye mikono miwili ya kushoto. Nilimnunulia dereva kitambaa kingine, nikamwongezea maneno matamu. Juzi alimwita jirani kwa jina la dada yake marehemu, na jirani alipocheka akanuna siku nzima. Halafu kesho yake anaamka mkali, anataja siku na saa ya mambo niliyokwisha kuyasahau mimi. Ndiyo maana sijui nishike lipi.

Sasa kuna jambo. Unamkumbuka mwalimu mkuu wa shule ya wasichana? Miaka thelathini iliyopita baba yako ndiye aliyemshonea gauni la harusi. Binti yake anaolewa tarehe kumi na nane Mei, na wanataka fundi awe yule yule. Kitambaa ni cheupe, cha bibi yake msichana, kimetunzwa sandukuni muda wote huo. Ni kipande kimoja, kikiharibika hakuna kingine. Baba yako anaitaka kazi hiyo kuliko chakula. Nimewaambia wasubiri kidogo.

Mimi siwezi kumpima. Nimekaa naye karibu mno, akinitazama usoni nalegea. Wewe uko mbali. Gauni lako likifika, livae, kisha uniambie kweli limekaa au halikukaa. Ukisema halikukaa nitakwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu na kisingizio chochote, na baba yako hatajua kitu. Piga na picha uniletee.

Mwaka huu sikuombi kingine.

Mama yako


17 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Gauni lilifika siku mbili kabla ya sherehe, limekunjwa vizuri hata pasi sikuhitaji. Nikuambie nini? Lilinikaa kama nimezaliwa nalo. Wauguzi walinizunguka wakiuliza fundi ni nani na yuko wapi. Mganga mkuu alipoteza mstari wa hotuba yake, akabaki anasema "hakika, hakika". Mshono wako haujabadilika hata kidogo. Niligeuza ndani nikaangalia, na ndani kumenyooka kama nje.

Endelea, baba. Unaona daktari alivyosema kweli?

Wako,
Kifungo


17 Machi

Mama,

Shikamoo. Limekaa. Labda mabegani limenibana kidogo, lakini lawama ni za mwili wangu, baba hana kosa. Picha hazikutoka, simu ya mwenzangu aliyepiga ilianguka siku ile ile ikapasuka kioo.

Mwachie gauni la harusi. Ukimnyima kazi ndipo atakapozeeka kweli. Usiwe na roho juu.

Kifungo


30 Machi

Kwako Kifungo,

Barua yako imeshasomwa dukani mara sita, na mara ya saba nilisomewa na dereva wa maktaba mwenyewe. Mama yako anasema nimezidi. Nimemwambia aniache, mtu hazidishi kitu ambacho amesubiri mwaka mzima.

Kitambaa cha bibi harusi ninacho. Nimekitandika mezani juu ya shuka safi na sijamruhusu mtu kukigusa. Msichana alikuja na mama yake, nikampitishia tepe mara moja, ikatosha. Ni mwalimu mkuu mtupu. Alivyosimama mbele ya kioo, mkono kiunoni, nilimwona mama yake alivyosimama pale pale. Nitakata Alhamisi tarehe kumi na nane Aprili. Kabla ya hapo nataka nikizoee kitambaa, na chenyewe kinizoee.

Sasa nikuambie neno ambalo mama yako hajalisikia. Mwaka jana niliingiwa na hofu. Kuna asubuhi nilifungua duka, nikasimama mlangoni na funguo mkononi, nikawa sijui nimekuja kufanya nini. Nilijitia hamnazo, nikafagia, nikafagia tena, mpaka mteja akaja akanikumbusha kwa kuingia kwake. Ikatokea mara ya pili, na ya tatu. Nikasema basi, nimekwisha, nianze kutafuta mtu wa kumwachia cherehani.

Gauni lako limenirudisha. Nimelala vizuri wiki hii. Nilitaka ujue kazi uliyoifanya.

Baba yako,
Fundi


11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Tafadhali kaa chini usome, na kama mkasi uko mkononi, uweke mezani. Usikikate kile kitambaa cheupe.

Gauni halikunikaa. Sikuweza hata kulipitisha mabegani. Nilijaribu mbele ya kioo cha chumba cha wauguzi, nikakwama mikono juu, mwenzangu akaja kunivuta nje. Kwenye sherehe nilivaa sketi yangu ya kazini. Niliporudi nyumbani nililipima: kifua inchi thelathini na nne, kiuno ishirini na sita. Mshono ni wako kabisa, sijawahi kuona gauni lililoshonwa vizuri hivyo. Ila ulimshonea yule msichana aliyepanda basi miaka kumi na tisa iliyopita. Namba nilizokuandikia hazikuingia.

Nilikuandikia uongo kwa sababu niliona aibu, na sijui aibu ilikuwa ya nani. Nilijiambia nakutia moyo, ndivyo daktari alivyotufundisha. Daktari hakutufundisha kusema uongo, hilo nililiongeza mimi. Mama naye aliniuliza kweli, nikamdanganya. Usimkasirikie. Yeye alitaka kukulinda, na mimi ndiye niliyemvuruga.

Jumapili nilipiga simu nikuambie. Ulipokea wewe. Ulisema mko wazima, kisha hukukata kama kawaida yako, ukaniuliza kama bado nalivaa gauni langu. Nikajibu kwamba nalivaa kila Jumapili. Nilipoweka simu chini nililia. Kwa hiyo naandika, maana kwenye karatasi siisikii sauti yako. Nimeituma kwa haraka, wameniahidi itakufikia kabla ya Alhamisi.

Barua yako ya mlangoni na funguo nimeisoma mpaka nimeikariri. Mimi ndiye uliyenipa siri hiyo, na wakati unaniandikia nilikuwa tayari nimekudanganya. Nisamehe ukiweza.

Kifungo


25 Aprili

Mwanangu,

Barua ya haraka ilifika Jumamosi. Kitambaa kilikatwa Alhamisi.

Baba yako aliisoma akiwa amesimama kwenye kaunta. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaendelea kupiga bandi, zile nyuzi ndefu za kushikiza kwa muda. Usiku niliitoa mfukoni mwake nikaisoma. Jumatatu bibi harusi akaja na mama yake kujaribu. Mgongoni pande mbili hazikukutana, zilipungua inchi nne nzima. Yule msichana ni mcheza netiboli, ana mbavu pana, mama yake ujanani alikuwa mwembamba kama ufito. Msichana akabaki amesimama mbele ya kioo, machozi yanamtoka bila sauti.

Nilikuwa na uongo wangu tayari. Nilitaka kusema kitambaa cha zamani kimesinyaa kwa mvuke wa pasi. Baba yako akaninyamazisha kwa mkono, akamgeukia mwalimu mkuu, akasema: "Nimekosea mimi. Nimemkata binti yako kwa vipimo vyako wewe."

Mwalimu mkuu aliketi. Alisema tu kwamba watarudi, kisha wakaondoka, kitambaa wakakiacha. Tangu hapo baba yako hajafungua duka. Anakaa kitandani na viatu amevaa.

Nilikuomba kitu kimoja. Ungeniambia kweli, ningekuwa nimekwishakwenda kwa mwalimu mkuu tangu Machi, kitambaa cha watu kingekuwa kizima, na baba yako angekaa na heshima yake. Nimekukasirikia sana, sitaki kukuficha. Na najua kwa nini ulifanya hivyo, ndiyo maana hasira yenyewe haipati pa kukaa.

Usipige simu wiki hii.

Mama yako


20 Mei

Kwako Kifungo,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi.

Siku ya tano niliona nimechoka kulala na viatu. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nyumbani kwake, nikaomba nipewe nafasi ya kurekebisha, na kama hataki, nimpelekee kitambaa fundi atakayemchagua. Akasema gauni lake bado analo na halijafumuka mshono hata mmoja, kwa hiyo nijaribu. Nilifumua lote, uzi kwa uzi. Gauni lilikuwa na mkia mrefu wa kuburuza, nikaukata na kutoa vipande vya kutia ubavuni, na kwa kuwa huwa naacha nafasi pana kwenye mshono, kikatosha. Msichana alikuja kujaribu mara tatu. Vipimo vyake aliviandika mwenyewe kwenye karatasi, nikaibandika ukutani mbele ya cherehani, na kila nilipoinua mkasi nilisoma kwanza, hata nilipokuwa na hakika. Nilipokuwa na hakika nilisoma mara mbili.

Juzi ameolewa. Gauni halina mkia, na mtu mwenye jicho anaona ubavuni pameungwa. Msichana alicheza na wenzake mpaka kiatu kikakatika. Mwalimu mkuu alinishika mkono, lakini hakunisifu, na sikutarajia anisifu.

Sasa nije kwako. Uliniumiza, mwanangu. Gauni dogo lisingeniumiza, fundi anarudishiwa nguo kila siku. Ulinivika kilemba cha ukoka, nami nikatoka nacho barabarani nikiwaonyesha watu. Nilikuambia nina hofu, na wewe ulikuwa na jibu la hofu yangu sandukuni, umelikunja. Nimekaa na hilo wiki nyingi. Halafu nikakumbuka kwamba barua iliyosema kweli pia umeiandika wewe, na ilikugharimu zaidi. Nimekusamehe. Sisemi hivyo kwa kuwa wewe ni mtoto wangu tu, nasema kwa sababu nina haja nawe.

Mama yako amenipeleka kwa daktari. Aliniuliza tarehe, akanichoresha saa, akanitajia maneno matano nimrudishie. Nilirudisha matatu. Amesema ni mwanzo, na kwamba mwanzo unaweza kukaa miaka kama mtu akijishughulisha na asipojidanganya. Cherehani ameniruhusu. Kichwa peke yake hakuniruhusu.

Kwa hiyo fungua daftari, wewe ambaye kazi yako ni kutunza mambo ya watu. Kila Ijumaa nitakuandikia vipimo vya wateja wa wiki, kwa mkono wangu, na wewe utaviweka. Kabla sijakata nitakupigia unisomee. Nikikuletea namba mbili tofauti za mtu mmoja, niambie siku hiyo hiyo, hata kama sauti yangu inakutia huruma. Na siku ikifika ambapo hazieleweki kabisa, nataka niisikie kwako kwanza, kabla mtaa haujaanza kunong'ona. Hilo ndilo ninalokuomba badala ya vitabu na madaktari. Gauni la buluu mpe msichana yeyote mwembamba hapo kazini, lisiozee kabatini.

Nilianza kujizoeza kuandika Jumapili iliyopita, na mtu wa karibu alikuwa mama yako. Nikachukua tepe. Akakataa, akasema ana vyombo vya kuosha. Nikasema viache. Akasema kipimo chake nakijua, si namshonea kila mwaka? Nikamwambia ndiyo maana nataka kumpima. Akasimama. Nilipompitishia tepe kifuani nilidhani imejikunja, nikaivuta, nikaanza upya. Amepungua inchi tano, Kifungo. Mwanamke niliyekuwa naye kichwani ni wa zamani.

Nikamuuliza magauni niliyomshonea yamekuwa yakimkaaje. Akaenda kabatini, akayatoa, akayalaza kitandani moja moja, akageuza ndani nje. Yote yamepunguzwa ubavuni kwa sindano ya mkono, mishono midogo midogo iliyopinda ya mtu asiyejua kushona. Yako sita. La kwanza ni la miaka sita iliyopita. Nilimuuliza alikuwa anashona saa ngapi, akasema nikiwa dukani.

Hatukugombana. Nilikaa naye kitandani pale katikati ya nguo, na nilimshukuru, kisha nikamwambia asirudie.

Basi wa kwanza kumwandika ni mama yako. Kifua thelathini na tatu. Kiuno thelathini. Nyonga thelathini na saba. Weka na tarehe ya leo, maana vitabadilika.

Baba yako,
Fundi